Unahamia Dar na familia? Mwongozo kamili wa kulinda nyumba bila kuchemka ndani

Huu mwongozo naandika nikiwa na hasira kidogo maana ndugu zangu watatu wamehamia Dar kutoka Njombe na Makambako, wote niliwaambia, na wote wameibiwa kabla hata kodi ya kwanza haijaisha. Hakuna aliyevunjiwa mlango. Wote watatu ni dirisha, liliachwa wazi usiku kwa sababu ya joto.

Na siwalaumu sana. Kule kwetu saa 1 usiku baridi yenyewe inakufungisha kila kitu, unalindwa bila kujua. Huku mwezi wa pili saa 7 usiku chumba kinafukuta, umeme umekata, mtoto analia, we utafungua tu hata uwe na msimamo gani. Sasa mipango mingi ya ulinzi inaanza na kufuli na kamera, mi nakwambia anza na hewa: usiku hewa itapita wapi ambapo mkono wa mtu haupiti? Nyumba isipokuwa na jibu la hilo utaifungua mwenyewe.

Nimeandika zaidi kwa mpangaji wa nyumba ya chini, za Tabata, Kinyerezi, Goba, Mbagala, Kigamboni huko. Wa ghorofani chukua yanayokuhusu.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Futi ya kupimia, tochi, daftari
- Vitasa vipya vya milango yote ya nje (usinunue kabla hujapima cha zamani)
- Kufuli 3 au 4 za shaba, nzito, usichukue zile za kung'aa za barabarani
- Nondo za milimita 12 na flatibaa (vyuma bapa), kama madirisha hayana au yana mbovu. Fundi wa kuchomelea atakupigia hesabu
- Wavu wa chuma, ule madukani wanaita kofitrei, pamoja na wavu wa mbu
- Rangi nyekundu ya kuzuia kutu na brashi
- Mafuta ya cherehani kachupa kamoja
- Feni ya kuchaji, moja kwa kila chumba wanacholala watu. Nimeiweka kwenye orodha ya ulinzi makusudi, utaona mbele
- Taa 2 za nje
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakotoka

Kamera sijaiweka hapo. Hela ikibaki sawa, ila nimeona nyumba ina kamera nne na dirisha la jikoni linafungwa kwa kamba.

## Hatua ya 1: Ikague nyumba mara mbili kabla ya kulipa

Dalali atakupeleka saa 4 asubuhi, kaupepo kanapita, nyumba inanukia rangi mpya. Usilipe. Rudi saa 8 mchana, halafu rudi tena saa 2 usiku.

Saa 8 mchana unatafuta joto. Ingia chumba cha kulala, funga mlango na madirisha, kaa humo dakika 10. Ukitoka unalowa jasho ujue chumba hicho usiku hakilaliki kimefungwa. Angalia dari, kama ni bati tupu au dari iko chini sana joto la mchana kutwa litakushukia usiku. Angalia kama dirisha moja linatazamana na jingine, maana hewa ikiingia bila pa kutokea haiendi popote.

Saa 2 usiku unatafuta giza na watu. Taa za jirani zinafika kwako? Uchochoro wa nyuma una nani? Halafu nenda duka la Mangi la pale kona, nunua soda, uliza wanafunga saa ngapi. Mangi anayefunga saa 5 na mtaa bado una watu ni habari njema. Mangi anayefunga saa 1 na nusu, na mchana anakuuzia kupitia katundu kwenye nondo, huyo ameshakujibu maswali yote ambayo dalali ameyakwepa.

Cheki pia nyumba za jirani. Kama zote zina grili na ukuta na hiyo yako ndo haina kitu, ujue kwa nini kodi imeshuka.

Umefanikiwa kama una majina mawili ya majirani kwenye daftari na unajua upepo unaingilia upande gani.

## Hatua ya 2: Malizana na mwenye nyumba kwa maandishi

Nondo utaweka wewe, zinabaki kwake. Kwahiyo kabla hujatoa kodi ya miezi sita ongea naye kistaarabu, "baba, madirisha haya matatu nataka kuyaimarisha, tunakatanaje kwenye kodi?" Wengi wanakubali sehemu, wengine wote. Iandikwe kwenye mkataba na risiti za fundi utunze. Ukishalipa kila kitu ndo ukaanza kudai, hapo unakuwa unaomba.

## Hatua ya 3: Badilisha vitasa kabla hata ya godoro kuingia

Funguo ulizopewa si zako peke yako. Mpangaji aliyepita anazo, dalali labda anayo, fundi rangi aliachiwa wiki nzima. Fungua kitasa cha zamani, nenda nacho dukani mkononi ili upate size ileile, kukifunga ni dakika 20 tu.

Angalizo: screw za kitasa na bawaba ziwe ndefu, ziingie kwenye mbao ya fremu yenyewe. Nimewahi kuona mlango mzuri wa mninga umeshikwa na viscrew vya kufungia soketi, teke moja tu unalala.

Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Msasani, chumvi ya hewa inakula chuma haraka kuliko mnavyofikiri. Kitasa kinaanza kukwama, mnachoka, mnaacha kukifunga. Tone la mafuta ya cherehani kila mwisho wa mwezi.

## Hatua ya 4: Siku ya kuhama

Fika mchana. Fuso likifika usiku mnashusha kwa tochi, geti liko wazi kwa muda wa saa tatu nzima, vijana wa kubeba hamuwajui na kila mpita njia anaona una friji ya aina gani.

Vyeti, laptop, hela na simu za akiba safiri navyo kwenye begi lako, visikae kwenye fuso. Boksi la tivii usilitupe nje zima, lichane, liingie kwenye kiroba. Najua linaonekana jambo dogo, lakini boksi la inchi 55 getini ni tangazo.

## Hatua ya 5: Madirisha (hapa ndo pa kutulia)

Shemeji yangu alihamia Tabata mwezi wa kwanza. Nondo zilikuwepo, wavu wa mbu ulikuwepo, akaona kamaliza. Kitanda akakiweka chini ya dirisha apate upepo, suruali akaitundika kwenye kiti, simu kwenye chaji juu ya meza. Asubuhi wavu umekatwa kwa wembe, umbo la L, safi kabisa kama fundi nguo, kipande kimerudishwa mahali pake usingejua mpaka upeperuke. Simu hakuna, suruali hakuna. Nje chini ya dirisha wameacha mti mrefu wa mita 3 hivi, mbele umefungwa waya uliokunjwa ndoano.

Kwahiyo elewa kazi ya kila kitu: nondo zinazuia mwili, wavu wa mbu unazuia mbu, hakuna hata kimoja kinachozuia ndoano. Hapo ndo kofitrei inaingia.

5a. Chagua dirisha la usiku. Usijaribu kuimarisha yote kwa mpigo. Miezi ya joto, kuanzia Desemba mpaka Machi, Dar upepo ni wa kaskazi, unatoka kaskazini mashariki, ukiingia msimu wa kusi unageuka. Kwahiyo dirisha la upande wa kaskazini au mashariki ndo utakaloacha wazi wakati wa joto kali. Majengo ya jirani yanaweza kuuzungusha upepo, kwahiyo hakikisha mwenyewe: saa 3 usiku shika kipande cha kitenge chepesi mbele ya kila dirisha, linalokivuta ndani ndo lako. Anza na hilo, na moja la kutolea hewa upande wa pili.

5b. Kagua nondo. Pima nafasi katikati ya nondo na nondo, isizidi sentimita 10. Kuwe na flatibaa za kulala zinazokatiza, maana nondo za kusimama peke yake zinatanuliwa kwa jeki ya gari bila kelele. Zisukume kwa mguu: zikicheza, hazijazama ukutani. Kama zimefungwa kwa screw kutokea nje mwambie fundi achomelee vichwa vya screw. Na fundi akikwambia atumie skwea paipu ni rahisi na inapendeza, muulize ndani kuna nini. Ni uwazi, msumeno wa chuma unapita fasta.

Sehemu iliyochomelewa ipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, fundi anapenda kusema atarudi kesho. Kutu inaanzia pale chini nondo inapoingia ukutani, maji ya mvua yanatuama hapo.

5c. Weka kofitrei. Iwe upande wa ndani wa nondo, ichomelewe au ibanwe na flatibaa pande zote nne, isipigiliwe misumari tu. Halafu wavu wa mbu uwe ndani zaidi. Hewa inapungua kidogo lakini inapita, na ndoano haipiti.

5d. Vioo. Madirisha ya luva, vile vioo vya kupangana, kila kioo kinachomoka kwa mkono ukikunja bati la pembeni. Usivihesabu kama ulinzi. Ya aluminiamu ya kusukuma yana shida mbili, nusu tu ndo inafunguka kwahiyo hewa ni nusu, na kale kakitasa kake ni ka kuombea Mungu. Kata kijiti cha mbao kikae kwenye reli ya chini, dirisha lifunguke mpaka sentimita 10 liishie hapo.

5e. Dirisha la kutokea moto. Hili watu wanaliruka na ndo linaua. Ukishaziba nyumba nzima kwa vyuma, jikoni pakiwaka mnatokea wapi? Kila upande wa vyumba vya kulala, grili moja iwe na mlango mdogo wenye bawaba na kufuli kwa ndani. Ufunguo utundikwe kwenye msumari ndani ya chumba hichohicho, mbali na dirisha ndoano isifikie, ila mtoto mkubwa aweze kuuchukua. Kila mtu ndani ya nyumba, pamoja na dada wa kazi, aufungue mwenyewe gizani angalau mara moja. Fundi akisema mlango huo unadhoofisha grili, mwambie aweke bawaba nene.

Umefanikiwa kama unaweza kusimama nje usiku na ufito wa mita 3 ukajaribu kuiba shuka lako mwenyewe ukashindwa. Usicheke, jaribu kweli, mke wangu alivuta mkoba wangu dakika ya pili.

## Hatua ya 6: Milango

Mlango wa mbele na wa uani kila mmoja uwe na mlango wa grili kwa nje. Jioni watu bado hawajalala unafungua wa mbao upate upepo, wa grili unabaki na kufuli. Nasema na kufuli, maana wengi wanarudishia tu, na saa 1 jioni mkiwa mnaangalia taarifa ya habari mtu anaingia barazani anaondoka na viatu na mtungi wa gesi.

Mlango wa uani ndo dhaifu siku zote. Mwenye nyumba hela nzuri kaimalizia mbele. Weka komeo mbili, juu na chini.

## Hatua ya 7: Panga chumba, na panga usiku wa umeme kukata

Kitanda kitoke chini ya dirisha. Najua upepo unaupenda, lakini feni inaweza kuuvuta mpaka kitandani, ndoano haina feni. Simu ichajiwe ukuta usio na dirisha. Suruali, mikoba, funguo za gari na za nyumba viingie kabatini, visikae kwenye kiti wala kwenye msumari nyuma ya mlango.

Sasa umeme. Saa 7 usiku unakata, feni inasimama, ndani ya nusu saa watoto wameamka. Familia ngeni hapo inafanya moja kati ya mawili: inafungua dirisha lolote lililo karibu, au inatoa mkeka barazani. Kulala nje na mlango nyuma yako wazi naomba usifanye kabisa, hata kama jirani anafanya, yeye ana miaka 15 hapo na kila kibaka anamjua.

Ndo maana feni ya kuchaji iko kwenye orodha ya ulinzi. Iwe imejaa chaji kila jioni. Mlolongo wenu uwe huu: feni ya kuchaji, halafu dirisha la usiku lenye kofitrei, halafu mlango wa ndani wa korido ufunguliwe hewa izunguke. Wote wahamie chumba hicho kimoja chenye hewa. Ubandikeni mlangoni ikibidi, mtu akiamka na usingizi hafikirii vizuri.

Kipindi cha masika ni kinyume, joto linapungua lakini mvua kwenye bati inameza kila kelele. Usiku wa mvua kubwa fungeni yote.

## Hatua ya 8: Nje ya nyumba

Zunguka ukiuliza kila kitu: hiki si ngazi? Tanki la maji chini ya dirisha, tofali zilizobaki za ujenzi, kompresa ya eisii, mwembe uliogusa ukuta. Mti wenyewe usiukate, ile kivuli ndo inapunguza joto la ukuta, kata matawi ya chini tu.

Taa moja mbele moja nyuma, zielekee chini kwenye njia. Ukielekeza usoni kwa mtu unampofusha jirani na nyuma ya mwanga panabaki giza tupu. Taa za sola za bei chee betri zake zinaharibika haraka kwa joto la huku, ukinunua chukua zile ambazo betri inabadilishika. Kamera ukiweka ikae chini ya upenu, jua la mchana linaichosha.

## Hatua ya 9: Watu

Wiki ya kwanza peleka barua ya utambulisho serikali ya mtaa, halafu umtafute mjumbe wa shina. Usitume mtoto, nenda wewe na mwenzako, mjulikane sura. Uliza kama kuna ulinzi shirikishi na mchango ni shilingi ngapi, lipa. Walinzi wale usiku wakijua nyumba ile kaingia mwalimu fulani na familia, wakiona mtu mwingine anatoka na tivii watamsimamisha.

Jirani wa kulia na wa kushoto, namba zao ziwe kwenye simu zote za nyumbani. Peleka hata mahindi au viazi vya kwenu, mtu wa Njombe akifika bila viazi wanashangaa.

Ukiajiri mlinzi, omba wadhamini wawili na uwatembelee. Halafu mpe kiti, kivuli na maji ya kunywa sehemu anayoona geti. Usipompa atakitafuta kivuli mwenyewe, nyuma ya nyumba, na huko atalala.

Dada wa kazi na watoto wapewe sheria moja tu, zikizidi wanasahau: *mgeni anasubiri nje ya geti mpaka baba au mama apigiwe simu.* Mtu wa maji, mtu wa umeme, anayesema katumwa na bosi, wote. Na dada asigombezwe siku akimkatalia mjomba wako kuingia, hapo amefanya kazi yake.

## Hatua ya 10: Jaribio la wiki mbili

Wiki ya kwanza kila saa 4 usiku mtu mmoja anazunguka na daftari: milango, madirisha, geti, kufuli, simu ziko wapi, feni zina chaji. Dakika 5. Wiki ya pili zima swichi kubwa ya umeme usiku bila kuwaambia, uone nani anafungua nini. Sisi mara ya kwanza kijana wangu alikimbilia dirisha la jikoni, lile lisilo na kitu.

Mpaka mkimaliza usiku mzima bila umeme, watu wamelala kiasi, na hakuna dirisha lililofunguliwa nje ya yale mawili, hapo mmeweza.

## Ikitokea wameingia

Usitoke nje. Washa taa zote, ita kwa sauti, piga simu kwa jirani na 112 polisi. Moto ni 114. Kupiga ukelele wa "mwizi" na kumkimbiza uchochoroni sikushauri, huku mtaa mzima unaamka na mawe, mtu anauawa, na pengine aliyeuawa alikuwa anatoka zake kazini.

Kama wameshaondoka, kwanza piga kampuni ya simu wafunge laini na akaunti ya pesa, hilo ni la dakika hiyohiyo. Halafu polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, uwe umeshaiandika kwenye daftari siku nyingi, bonyeza *#06# kwenye kila simu ya nyumbani leo, bila hiyo maelezo yako yatakuwa "simu nyeusi ya tachi" na hizo ziko nyingi. Dirisha walilopitia litengenezwe siku hiyo, kabla ya jua kuzama, wanajua njia tayari.

Na kabla ya kuanza kuhangaikia vitambulisho vipya zunguka kwanza vichochoro vya jirani, mitaroni na juu ya kuta. Suruali ya shemeji tuliikuta nyumba ya tatu, imening'inia kwenye mpera, pochi mfukoni, NIDA, leseni na kadi ya benki vyote vipo, hadi risiti ya basi la kutoka Njombe.